Chumba cha Watu Watatu

Bibi Kudo amefariki. Mjukuu wake aliniandikia wiki iliyopita, kwa Kiingereza kizuri ambacho bibi mwenyewe hakuwa nacho, akasema mauti yalimkuta usingizini na kwamba nyumba ya wageni haitafunguliwa msimu huu wala mwingine. Barua hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko inavyohitaji, maana ndivyo ninavyosoma kila kitu, nikitafuta kilichojificha kati ya mstari na mstari. Hakuna kilichojificha. Mwanamke mzee wa kijiji cha theluji, kaskazini mwa Japani, amekufa juu ya godoro lake, nami niko London, nimekaa jikoni na koti mwilini, sikumbuki kama nilikuwa natoka au naingia. Katika mwaka mmoja wa ujana wangu hakuna mtu duniani aliyenitisha kama yeye. Hakulijua hilo. Alidhani ananikaribisha.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, na shahada ya pili niliyoiacha ndani ya bahasha yake chini ya kitanda, kwa hofu kwamba nikiitundika ukutani nitajipalia mkosi. Nilipanga chumba kidogo cha juu kwa Mama Furaha, huko Lewisham. Mama Furaha ni mwanamke wa Bukavu, kazi yake kutunza wazee majumbani mwao, na kuta za nyumba yake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba nyimbo za kwaya yake nilizijua kabla hazijaimbwa kanisani. Chumbani mlikuwa na kitanda, dirisha lililotazama ukuta wa jirani, na kabati lenye boila ya kupasha maji iliyogonga mara tatu kila ilipotaka kuwaka. Asubuhi niliandika maombi ya kazi. Mchana nilipanga mafaili kwenye ofisi ambayo sikutarajia kudumu nayo. Muda uliobaki nilipanga safari. Si kwamba kila siku nilipanga jambo jipya. Siku nyingi nilikuwa nakagua tu kama niliyoyapanga jana bado yapo. Treni ya saa nne asubuhi bado ipo? Ipo. Na ikichelewa kwa dakika kumi na nne, basi la kijijini litatungoja? Hapo sikuwa na jibu, na swali likinikosesha jibu huwa halinitoki.

Safari yenyewe ilikuwa ya Salome. Salome alizaliwa Kibosho, akaitazama theluji ya mlimani kila asubuhi ya utoto wake bila kuigusa hata siku moja. Alipofika London akaingoja, nayo ilipoanguka ikawa tope kabla hajamaliza kufunga kamba za viatu. Tulikuwa watatu chuoni, yeye na mimi na Mwanaidi wa Tanga, na jikoni kwa pamoja tulikula kiapo kwamba siku moja tutakwenda mahali ambapo theluji inamzidi mtu kimo. Salome ndiye aliyegundua pa kwenda. Alisoma habari za vijiji ambako mwezi wa Februari watu huchimba vijumba ndani ya theluji, wakaweka mishumaa na madhabahu ndogo ya mungu wa maji, na watoto huketi ndani wakiwaita wapita njia waingie wanywe kitu cha moto. Alisoma pia habari za wanaume wanaovaa vinyago na manyasi, wakaingia majumbani wakinguruma na kuuliza kama humo ndani kuna mvivu. Na mwenye nyumba, badala ya kuwafukuza, huwaandalia chakula, kwa sababu ni wageni wa kutisha waletao heri. Mwanaidi aliposikia hayo alipiga kofi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kumbe hata Wajapani wanalijua hilo." Salome akaandika orodha. Kisha Januari moja akaanza kuumwa siku ya Ijumaa, na Jumatatu sisi wawili tulikuwa kwenye korido ya hospitali tumeshika mkoba wake. Alisafirishwa kwenda kuzikwa kwao. Orodha ikabaki kwetu.

Mwanaidi alikaa Southall, juu ya duka la vitambaa la Mpunjabi mmoja mzee aliyezaliwa Kisumu, ambaye alimkaripia kuhusu taa na maji kwa Kiswahili cha "wewe nakuja, nakwenda, nawasha, hapana zima." Kibali chake cha kuishi nchini kilikuwa kinaisha Machi. Mama yake kule Tanga alikuwa anapoteza macho, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumshika mkono, kwa hiyo Mwanaidi hakuwa anaondoka ili arudi. Aliniambia jambo hilo sokoni Lewisham, huku akibonyeza maembe ambayo hakuwa na nia ya kuyanunua. "Tukienda, ni Februari hii hii. Baada ya hapo mimi ni wa Tanga, na wewe ni wa simu." Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Sikuwa na rafiki mwingine. Hilo silisemi ili nionewe huruma. Nalisema ili ieleweke kwamba nilichokifanya baadaye sikukifanya kwa kutojali.

Nyumba ya Bibi Kudo ilikuwa ya mwisho katika orodha ya Salome na ya kwanza kwa umuhimu, kwa sababu ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye vijumba vya theluji. Ilikuwa na vyumba vinne, na mwenyewe hakujua Kiingereza. Nikaamua kumwandikia kwa kutumia programu ya kutafsiri, tena niandike kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu cha barua kilikuwa kinasikika kama cha mtu anayedai. Niliandika kwa adabu zote. Nilimsalimu, nikamuulizia hali ya familia yake, nikamwombea afya. Kisha nikaandika: "Tutafika mimi Upendo na Mwanaidi na Mungu akipenda tutakaa siku nne." Nikabonyeza, maneno yakageuka kuwa yale maandishi yao mazuri, nikayatuma.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Nililirudisha katika Kiswahili, na lilitoka na lugha ya kuchechemea kidogo, kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. "Asante kwa barua yenye moyo. Chumba cha watu watatu kimewekwa. Mgeni wa tatu akiamua kutokuja, si tatizo." Chini aliambatisha picha ya karatasi aliyoijaza kwa mkono, na juu ya karatasi hiyo palikuwa na mistari mitatu mifupi ya maandishi, mmoja chini ya mwingine. Majina. Programu ilishindwa kuusoma mwandiko wake. Lakini kuhesabu nilijua.

Nilijiambia ni kosa dogo. Nikamwandikia tena: "Samahani Bibi, tuko wawili tu. Mimi na Mwanaidi na Mungu akipenda tutakuwa kwako jioni ya siku ya kwanza." Akajibu siku iyo hiyo. "Nimeelewa. Ninyi wawili, na yule mwingine akipenda. Kwetu pia wapo wanaokuja wakipenda. Msione aibu." Niliisoma nikiwa nimesimama kituoni, na treni yangu ikaja ikaondoka. Nikaandika mara ya tatu, nikisisitiza. Naye akauliza, kwa upole ambao mpaka leo unanisimamisha nywele: yule mwingine anakula samaki? Anahisi baridi? Mto wake auweke upande wa mlango, kama walivyozoea wanaotoka mbali, au katikati yetu?

Leo naweza kuicheka hofu ile, au angalau kuitazama usoni. Wakati ule sikuweza kuisema kwa mtu. Nilifikiri labda Salome alimwandikia bibi huyu kabla ya kufa; lakini Salome alikuwa mtu wa orodha, barua zote za safari zilikuwa kazi yangu. Nilifikiri labda bibi anazeeka. Nilifikiri, na hapa ndipo nilipokwama wiki nzima, kwamba wako watu, hasa wazee wa vijiji vya namna ile, wanaojua idadi ya wanaosafiri kuliko wanavyoijua wasafiri wenyewe. Niliacha kuuliza maswali. Nikaanza kuhesabu. Kwenye treni iliyojaa hadi mlangoni, kiti kilichokuwa kando ya Mwanaidi kilibaki wazi vituo vitano, na watu wakasimama wakikitazama. Boila iligonga mara tatu, kama siku zote, ila sasa niliisikia kama mtu anayepiga hodi. Na kwa mila yetu, hodi ya tatu ikikosa jibu, mgeni huondoka. Yangu haikuondoka.

Jumapili moja Mwanaidi alikuja kula. Mama Furaha alipika sombe ya majani ya muhogo na samaki wa chumvi, akafunika bugari, ugali wa kwao, kwa taulo, akaweka mezani sahani nne.

"Mama," nikasema, "mbona nne? Tuko watatu."

"Kwetu hatuhesabu batu mbele ya kula," akajibu bila kugeuka. "Ile ingine ni ya ule anaweza kuya."

"Muulize tu, Mama," akasema Mwanaidi. "Huyu mwenzangu atahesabu hata mifupa ya samaki. Juzi kanipigia simu kuniuliza kama mswaki unahesabika kuwa mzigo."

"Njo maana hanenepe," akasema Mama Furaha. "Chakula yote inaenda ku kichwa. Weye Upendo, kula. Juu ya nini unaangalia ile sahani hivi? Iko kitu ndani?"

Hapakuwa na kitu ndani. Ndicho kilichonifanya niitazame.

Baada ya siku chache tuliingia mgahawa mdogo wa tambi, Mwanaidi akitaka tujizoeze kula kwa vijiti. Ilikuwa saa tisa alasiri na nje giza limeshaanza kukusanyika, kama kawaida ya Desemba. Mhudumu akaweka jozi tatu za vijiti, glasi tatu za maji, akauliza kama mwenzetu yuko njiani. Nikaisogeza glasi ya tatu mbali nami. Mwanaidi alinitazama, akatazama kiti cha tatu ambacho tulikuwa tumekirundikia nguo. "Kahesabu makoti, shoga. Una nini wewe siku hizi?" Nikasema mafua. Nilimdanganya mtu ambaye alikuwa amebakiza wiki kumi na mbili za kuwa jirani yangu.

Kilichonimaliza kilikuwa jedwali la safari. Tuliliunda sote watatu mtandaoni tangu tukiwa chuoni, na kila anayelifungua, herufi ya jina lake huonekana juu pembeni ndani ya duara la rangi. Yangu U, ya Mwanaidi M. Asubuhi moja, Mama Furaha ameshakwenda kazini na nyumba kimya, nilikuwa nakagua muda wa basi la kijijini, mara duara la kijani likajitokeza. S. Likakaa. Halikuandika kitu, halikufuta kitu. Nilihisi baridi ikipanda kutoka nyayoni, baridi ya kweli, nikaweka mkono kwenye rejeta ya ukutani ya kupasha chumba joto nikakuta inawaka. Sijui lilikaa muda gani. Lilipotoweka nilikuwa tayari nimefungua barua. Sikumsalimu Bibi Kudo wala kumuulizia mtu. Niliandika: "Samahani. Mimi na Mwanaidi hatutakuja." Nikatuma. Jibu halikuja, na nilifurahi kwamba halikuja. Boila ikagonga, nami kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima nikalala usingizi wa mchana.

Kuna aina ya utulivu ambayo ni ya mtu aliyejifungia ndani ya chumba kilicho na moto. Nilidumu nao siku nne. Siku ya tano Mwanaidi alipanda ngazi za Mama Furaha kwa kishindo, ana picha zake za pasipoti na chupa ya chai ya tangawizi, tujaze fomu za viza. Miadi yetu ilikuwa keshokutwa. Fomu ya ratiba ilitaka kila siku: tutafanya nini, tutalala wapi, mwenyeji ni nani na simu yake ni ipi.

"Toa karatasi ya Bibi Kudo," akasema, amekaa kitandani, miguu ameikunja. "Upendo. Karatasi."

"Nimeghairi."

Alicheka kwanza. Kisha akaona sicheki. "Umeghairi nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikianzia na boila. Mwanaidi hakunikatiza, jambo ambalo si kawaida ya watu wa kwao. Nilipofika kwenye duara la kijani akafumba macho. "Laptopu ya Salome anayo mdogo wake, anasomea. Nywila nilimpa mimi mwenyewe. Alitaka kuona dada yake alikuwa anakwenda wapi." Kisha akanyoosha mkono nimpe simu. Kwa miezi minane alikuwa akienda darasa la Kijapani maktabani kila Jumamosi, na nilikuwa nikimtania kwamba atakwenda kuwafundisha samaki wa Tanga. Aliikuza picha ya karatasi ya bibi, akafuata mistari kwa ukucha, akisoma silabi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Hizi ni herufi wanazoandikia majina ya wageni. U-pe-n-do. Huyu wewe. Mu-wa-na-i-di. Mimi. Na huyu wa tatu..." Mabega yakaanza kumtikisika. "Mu-n-gu. Mungu! Upendo, hebu nionyeshe ulichomwandikia." Nikamwonyesha. "'Na Mungu akipenda.' Wee! Programu imedhani ni jina la mtu! Umemwandikisha Mwenyezi Mungu chumba! Na kila ukimsahihisha bibi wa watu unamrudishia tena! Anauliza kama Mungu anakula samaki!" Alijitupa kitandani, akacheka mpaka machozi, nami nikaanza kucheka pia, kicheko kibaya cha mtu aliyeponea chupuchupu. Ilikuwa kweli. Sikuwa nimeweza kuandika habari ya kesho hata mara moja bila kuyatia maneno yale. Barua pekee ambayo hayakuwamo ni ile ya kusema hatuji.

Kisha kicheko cha Mwanaidi kikaisha, ghafla, akakaa wima.

"Ngoja. Wewe ulidhani ni nani?"

Nikaanza kukunja fomu iliyokuwa mapajani mwangu.

"Ulidhani ni Salome."

"Ndiyo."

"Ulidhani ni Salome anakuja na sisi," akasema polepole, "ukamfungia mlango."

Nimetukanwa na watu wengi tangu wakati ule, wengine wakiwa na haki. Hakuna sentensi iliyonikaa kama hiyo. Mwezi mzima nilikuwa nimefikiri kila kitu kinachoweza kufikirika, kila njia ya treni na kila sababu ya namba tatu, na halikunijia hata kidogo kwamba mtu angeweza kuipokea habari ile kwa furaha. Kwamba Mwanaidi, kama angeambiwa Salome anakuja, angeuliza kama ana koti.

"Mimi ningemwekea mto katikati," akasema. Alikuwa analia bila kujifuta. "Ungeniambia tu, Upendo. Ningelala mlangoni mimi."

Nikasema nitaandika tena. Akasema andika, lakini sote tulijua wakati wa sherehe vyumba vyote vya kijijini hujaa kufikia Desemba, nami ndiye niliyeliandika hilo kwenye jedwali kwa herufi nyekundu. Bila mwenyeji hakuna ratiba, bila ratiba hakuna viza, na Machi ilikuwa pale pale ilipo. Niliandika sentensi mbili: kwamba nimekosea, na kama chumba bado kipo. Mwanaidi akaisoma kabla sijaituma, akaongeza neno la kuomba radhi ambalo programu isingelijua. Usiku ule hakurudi Southall. Asubuhi Mama Furaha alitukuta tumelala tumegeuziana migongo kwenye kitanda cha mtu mmoja, akatuwekea chai mlangoni akaenda zake.

Jibu lilikuwa limeshafika. Mwanaidi hakutaka programu. Alikaa na kamusi saa nzima, simu magotini, akiandika maneno kwa penseli nyuma ya fomu, akiyafuta, akiyaandika tena. Mimi nilitazama ukuta wa jirani na nikajizuia kuhesabu matofali. Alipomaliza alinisomea, na sauti yake haikuwa ya utani.

"'Barua yako ilisema kwamba wewe na Mwanaidi hamtakuja. Nilisikitika. Lakini mwenzenu hakusema kwamba haji, na mgeni ambaye hajasema haji, siwezi kumpa mtu mwingine chumba chake. Kipo. Kila jioni nawasha moto.'"

Boila ilikuwa kimya. Chini mtaani basi lilisimama, milango ikafunguka ikafungwa. Nilimtazama Mwanaidi, naye hakuwa ananitazama. Alikuwa anaitazama karatasi, kidole kikiwa juu ya neno la mwisho, kana kwamba neno lenyewe lina joto. Sote wawili tulijua ni jina gani liko kwenye mstari wa tatu. Tulikuwa tumelicheka jana yake. Hilo halikupunguza kitu.

"Basi twende," akasema. "Atakuwa peke yake na mwenyeji asiyemjua."

Nikachukua fomu mpya. Mahali palipoulizwa idadi ya wasafiri niliandika wawili, kwa sababu serikali huuliza wenye pasipoti tu, na nilipofika kwenye mstari wa tarehe ya kufika, niliijaza bila kuikagua mara ya pili.